Mlango Uliokwenda Gotu

Pale mtaani Bulla Pesa watu walimjua Ebei kwa mambo mawili: mgongo wake mpana na tabia yake ya kuzungumza peke yake. Kazi yake ilikuwa kwenye yadi ya mbao ya Gichunge, Mmeru mmoja aliyekaa Isiolo hadi watu wakasahau kwamba alikuja. Ebei hakuwa fundi. Alishusha mbao kwenye malori, akafagia maranda, na kupeleka vitanda na makabati kwa wateja waliokaa vichochoroni, huko mkokoteni usikopita. Akiwa na mzigo mgongoni midomo yake haikutulia. Mafundi walidhani anasali. Kumbe alikuwa akimwelezea marehemu mkewe, Akiru, kabati ni la nani, nyumba linakoingia ina madirisha mangapi, na kama mama mwenye nyumba ana roho nzuri.

Akiru alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua miaka kadhaa nyuma. Binti yao mmoja, Rita, alikuwa Nanyuki na mtoto wake, akifundisha watoto wadogo, na alipiga simu sikukuu hadi sikukuu. Kwa hiyo Ebei alirudi kila jioni kwenye chumba cha kupanga, akapika ugali wake, akala akitazama ukuta. Akilini alikuwa akijenga nyumba. Leo aliiwekea baraza, kesho aliiondoa baraza akaweka tangi la maji. Hakuna aliyeijua nyumba hiyo isipokuwa Akiru, naye hakuwa na la kusema.

Siku moja alikuja pale yadi msichana aliyeitwa Ikra. Msichana ni namna ya kusema. Alikuwa ameshapita miaka thelathini na wanawake wa mtaani walishachoka kumuuliza ataolewa lini. Alipiga video za harusi. Maharusi wengi wa Isiolo walipitia mbele ya kamera yake, na alikuwa amechoka na keki na magari yaliyofungwa maua. Alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe.

“Salaam aleikum, Mzee Gichunge,” alisema. “Nataka kuazima mlango.”

“Mlango si viti vya harusi,” Gichunge akamjibu. “Mlango hauazimwi.”

Hata hivyo alikuwa mtu wa kucheka, na kulikuwa na mlango mmoja wa mbao za saipras, umepakwa rangi ya kijani, ambao mteja wake alihamishwa kazi kabla ya kuuchukua. Alimwambia Ebei autoe nje uonekane. Ebei akaupitisha kamba, akauweka mgongoni, akavuka nao ua huku midomo ikicheza kama kawaida. Ikra aliacha kuongea. Alimtazama mpaka alipoushusha.

“Sasa nimepata mlango na nimepata mtu,” akasema.

Akawaeleza hadithi yake. Kuna mtu anaishi peke yake. Anarudi kutoka malishoni, anakuta nyumba yake haiko. Haikuungua wala kubomoka. Haiko tu, umebaki mlango. Basi anaubeba mgongoni, anatembea akiuliza kila anayekutana naye kama ameiona nyumba yake ikipita.

“Nyumba inapita?” Gichunge akacheka hadi akashika tumbo.

“Ni ya kuchekesha, lakini kidogo tu,” Ikra alisema.

Ebei hakucheka. “Mwishowe anaipata?”

“Mwisho bado sijauona, Mzee. Labda tutaukuta njiani.”

Ebei alikubali bila kuuliza atapata nini. Jambo ambalo hakumwambia Ikra ni hili. Alipokuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, alikuwa na nyumba huko Ngaremara, nyuma ya kilima kidogo, ya udongo na nyasi, na mbuzi wa kutosha kumfanya mtu asalimiwe kwa heshima. Siku moja aliondoka kutafuta maji ya mifugo, na nyuma yake wakaja watu wenye bunduki. Aliporudi alikuta jivu. Akiru na Rita aliwapata siku iliyofuata wakiwa wazima, na Akiru hakutaka tena kulala mahali pale. Wakahamia mjini mikono mitupu. Ebei hakuwahi kusimulia habari hiyo kwa mtu. Ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila siku alikula na kumeza kando yake.

Walianza kupiga filamu Jumapili, siku yake ya mapumziko. Wakaenda Ngaremara kwa pikapu ya Abdub, kakake Ikra, iliyozoea kubeba mbuzi wa mnadani na iliyonuka hivyo hivyo. Ikra alijificha humo na kamera nyuma ya shuka.

“Usiwaambie watu,” alimwonya Ebei. “Mtu akijua anapigwa picha, uso wake unavaa nguo za Idi.”

Basi Ebei akabeba mlango kando ya lami, mahali kina mama wanapouzia makaa, akawa anauliza. Kwanza mambo yalikwenda vizuri. Utingo mmoja wa lori alimjibu kwamba nyumba yake ameiona ikielekea Marsabit, imekaa mbele na dereva. Watu wakacheka, Ebei naye akatabasamu. Halafu akamfikia mama mmoja mzee aliyekaa chini karibu na magunia yake. Huyo hakucheka. Alimshika Ebei mkono.

“Ilikuwa ya nyasi au ya mabati?” aliuliza kwa Kiturkana.

“Ya nyasi, mama. Na udongo.”

“Yangu pia. Wewe walau umebaki na mlango. Mimi nilitoka na sufuria, na sufuria yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani.” Akaendelea kuushika ule mkono. “Pole, mwanangu. Pole sana. Umekula?”

Ebei alijua kwamba nyuma ya shuka kamera inamtazama, na kwamba anatakiwa kuendelea mbele kwa mtu mwingine. Badala yake aliushusha mlango, akauegemeza kwenye magunia, akageukia pikapu.

“Ikra,” akaita. “Toka nje.”

Ikra alitoka na kamera yake mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Ebei alimweleza yule mama kwamba hii ni filamu, kwamba wao wanaigiza. Mama akamtazama msichana, akautazama mlango, akarudi kumtazama Ebei.

“Kwa hiyo hakuna nyumba iliyopotea,” alisema, na ule mkono akauachia.

“Yangu ilipotea, mama,” Ebei akajibu. “Hapo nyuma ya kilima. Lakini ni zamani.”

Ndivyo alivyoisema kwa mara ya kwanza, kando ya barabara, mbele ya wauza makaa. Yule mama alitikisa kichwa. Wakanunua gunia lake moja la makaa kwa sababu hawakujua la kufanya lingine.

Ndani ya pikapu Ikra aliizima kamera. “Mbona hukuniambia, Mzee?”

“Hukuuliza. Ulitaka mgongo.”

Ikra akasema basi waache, filamu itafutwa, mlango urudi yadi. Ebei alikataa. Alisema wataendelea, ila yeye Ikra asijifiche tena. Akauliza tena kama yule mtu wa filamu ataipata nyumba yake, na Ikra akasema kwa kweli hajui.

Jumapili nyingine walikwenda mbali zaidi, hadi Gotu. Kulikuwa na mama mjane pale, Maryan, Mborana, aliyeuzia madereva chai na maziwa ya ngamia. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kibanda, ya fito na mabati, na mlangoni palining’inia gunia. Ikra alimwomba ruhusa ya kupiga picha, Maryan akasema pigeni tu, mimi nina kazi. Ebei akaja na mlango wake mgongoni, akauliza swali lake.

“Nyumba yako sijaiona,” Maryan akajibu huku akimimina chai. “Ingepita hapa ningeifunga kamba, maana yangu haina mlango.”

Madereva wakacheka. Kicheko kilipokwisha, yeye akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Alisema mwezi uliopita fisi alimchukulia mbuzi ndani, yeye akiwa amelala. Fisi alilivuta lile gunia kama mgeni anayefungua pazia. Tangu hapo analala na panga, na usingizi wake ni nusu nusu.

“Ukikosa nyumba yako, baba,” akasema, “huo mlango ulete hapa.”

“Nitauleta,” Ebei akajibu.

Ikra alifurahi mno. Njiani alikuwa akimwambia Abdub kwamba hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote, hakuna mwigizaji ambaye angekitoa namna ile. Ebei akakohoa.

“Tutaupeleka lini?”

“Kupeleka nini, Mzee?”

“Mlango.”

Ikra aligeuka kumtazama. “Mzee Ebei, ule ni mlango wa Gichunge. Hiyo ilikuwa filamu.”

“Yule mama hakuwa akiigiza,” Ebei akasema. “Wala mimi, niliposema nitauleta.”

Hawakulizungumza tena. Mlango ulirudi yadi ukaegemezwa palepale ulipokuwa.

Ikra hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na haraka. Alitaka watu waijue filamu kabla haijaisha, akakata kile kipande cha Gotu akakitia mtandaoni. Kwa siku chache tu kilienea kama moto wa nyikani. Watu wasiomjua Ebei wala Gotu wakakitia muziki, wengine wakamchora miguu minne. Wengine hawakujua ni filamu, au hawakujali. Watoto wa Bulla Pesa walipomwona na kabati mgongoni walimfuata wakipiga kelele wakimuuliza nyumba yake iko wapi. Alipoingia kanisani Jumapili, kwaya ilitazamana. Ikra alikiondoa, akaja kuomba msamaha, ila kitu kikishaingia kwenye simu za watu hakitoki. Ebei alimwambia hana neno. Nyumbani alizima taa mapema, na kwa mara ya kwanza hakumwelezea Akiru yaliyopita mchana.

Rita alipiga simu, na haikuwa sikukuu.

“Baba, kuna video.”

“Najua.”

“Wazazi wa watoto wa shule wananionyesha. Wanasema tazama huyu mwendawazimu wa Isiolo.” Ebei alisikia kwenye simu watoto wakicheza. “Nilisema simjui, Baba.”

Ebei alikaa kitandani. “Ulifanya vizuri,” alisema. “Watoto wakijua watakudharau.”

Rita akakata simu. Ebei alibaki ameishika mpaka ikapoa.

Jambo lililokata kamba lilikuja na mtu mwenye mkahawa mpya mjini. Alikuwa ameiona ile video, akataka kuununua mlango wenyewe autundike ukutani wateja wapigie picha. Gichunge akakubali. Mlango uliokuwa ukila vumbi sasa ulikuwa na mnunuzi, na mfanyabiashara hakatai. Ebei alipopata habari alimwendea, kofia mkononi.

“Mzee, huo mlango una mtu wake. Niliahidi.”

“Uliahidi mali yangu?” Gichunge alishangaa zaidi ya kukasirika. “Ebei, mbao nyingine zikija nitakutengenezea mlango mdogo, upeleke unakotaka. Huu umeshaenda.”

“Aliuona huu. Aliuomba huu.”

“Rafiki yangu, nenda upumzike. Hii sinema imekuingia kichwani.”

Labda ilikuwa imemwingia. Ebei mwenyewe hakuwa na hakika. Alichojua ni kwamba maisha yake yote ya mjini alikuwa akibeba milango na kabati kwenda kwenye nyumba za watu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia leta, nakuhitaji wewe na huo mzigo wako. Na kulikuwa na mama huko anayelala na panga. Siku Gichunge alipokwenda Meru kuchagua mbao, mnunuzi akiwa hajaja bado, Ebei alipitisha kamba kwenye mlango asubuhi na mapema. Hakujificha. Aliwaambia mafundi, “Napeleka mlango Gotu.” Wakacheka sana. Mmoja akatoa simu akaanza kumpiga picha.

Njia nzima ilikuwa hivyo hivyo, vicheko na simu. Alitarajia kupata lifti, kwani barabara ile haikosi gari, lakini kila aliyesimama alisimama ili amrekodi. Vijana wa bodaboda walienda naye sambamba wakimwambia aseme yale maneno. Alipowaeleza kwamba hii si filamu, kwamba sasa anaenda kweli, wao walizidi kufurahi. “Anaigiza vizuri huyu mzee,” mmoja akamwambia mwenzake. Familia moja kwenye gari jeupe ilimpa soda, wakapiga picha naye, wakaondoka zao. Jua lilipanda. Upepo ulipovuma ulishika mlango kama tanga ukamsukuma mitaroni. Kamba ilimla mabega. Mahali fulani aliushusha akakaa kwenye kivuli chake, na akajikuta akifikiri kwamba labda Gichunge alisema kweli, kwamba mtu mwenye akili hafanyi hivi.

Aliyemwokoa ni dereva mmoja wa lori la saruji, Irungu, mtu wa Murang’a, aliyekuwa na simu ya vibonyezo na hakuwa ameona video yoyote.

“Habari ya jua, mzee. Huo mlango unaenda wapi?”

“Gotu. Kwa mama mmoja. Hana mlango.”

“Basi panda,” Irungu akasema, kana kwamba ndilo jambo la kawaida kuliko yote. Wakaupandisha juu ya saruji, na njia nzima Irungu alizungumza habari za tairi. Ebei angeweza kulia kwa shukrani.

Walifika alasiri. Irungu alimshusha karibu na kibanda akaendelea na safari yake. Maryan hakuwa peke yake. Ndugu yake, Galgalo, alikuwa amekuja na vijana wawili wa ukoo, na walipomwona Ebei na ule mlango walisimama wote.

“Ni wewe,” Galgalo alisema. Hakuwa amepaza sauti. “Wewe ndiye umeionyesha dunia nzima kwamba dada yangu analala nyuma ya gunia.”

“Nimeleta mlango,” Ebei akajibu. “Niliahidi.”

“Uliahidi kama nani? Wewe ni mume wake? Ni ndugu yake? Watu wananiuliza sokoni kama kweli mimi ni mwanamume. Sasa Mturkana anamletea mlango mchana kweupe. Nitawaambia nini?”

Wale vijana walikuwa na fimbo, na walikuwa wamemkaribia. Pande zile, kati ya watu wake na watu wao, kulikuwa na mambo ya zamani ambayo hayakuhitaji kutajwa ili yawe pale. Ebei alitaka kusema kwamba hana nia mbaya, lakini uchovu wa safari ulimshinda, akaketi chini ghafla na mlango ukamwegemea mgongoni.

Maryan alitoka na kikombe cha maji, akampa. Alisubiri anywe, ndipo akamgeukia ndugu yake.

“Galgalo, fisi alipokuja ulikuwa wapi?”

“Unajua nilikuwa wapi. Nilikuwa na ng’ombe Merti.”

“Sijakulaumu. Lakini basi usimuulize huyu yeye ni nani.” Halafu akamtazama Ebei, na macho yake hayakuwa na upole wowote. “Na wewe, baba. Ulikuja hapa kuuliza swali la kuchekesha, mimi nikakujibu la kweli. Nimechekwa tangu siku hiyo. Madereva wanakunywa chai yangu wakichungulia nyumba yangu. Ulidhani mlango utaondoa hiyo?”

“Hapana, mama,” Ebei alisema. “Nisamehe. Nilidhani utaondoa fisi.”

Kijana mmoja alitazama pembeni. Mwishowe Galgalo alisema mzee alale kwenye kibanda, kwa kuwa hawezi kutembea, na kesho wataona. Walimpa chai na kipande cha mkate. Mlango ulibaki nje, umelala chali, hakuna aliyeugusa.

Asubuhi Ikra alifika na Abdub, maana vijana wa bodaboda walikuwa wameshazitoa picha zao na mji mzima ulijua. Alikwenda moja kwa moja kwa Maryan, wakazungumza kwa Kiborana nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa amefuta machozi kwa mtandio. Simu yake haikuacha kulia. Alikuwa ni Gichunge, amerudi kutoka Meru, anasema mwizi ni mwizi hata akiaga, na kwamba ataenda polisi. Galgalo alinyoosha mkono akaichukua ile simu.

“Mlango wa dada yangu naulipa mimi,” akamwambia Gichunge. “Nitakuletea beberu mkubwa siku ya mnada. Huyo mzee ameubeba tu.”

Gichunge alinung’unika, akataja mkahawa, lakini beberu wa Gotu anajulikana, akakubali. Hivyo mambo yakatulia. Maryan alipata mlango, na ulikuwa mlango wa kaka yake, jambo ambalo mtu angeweza kulisema sokoni bila kuinamisha kichwa. Galgalo mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Nafasi ilikuwa nyembamba, wakalazimika kung’oa fito mbili na kuanza upya. Ebei alisimama kando akishika bawaba zilipohitajika. Aliona kwamba hivi ndivyo ilivyofaa. Aliona pia kwamba alikuwa ametembea jua lote lile kuleta zawadi, na zawadi ilikuwa imemtoka mikononi ikawa ya mtu mwingine, naye amebaki alivyokuwa siku zote: mbebaji. Maryan alimpa chupa ya maziwa walipoondoka. Alisema “Nagaa,” yaani amani, na akarudi kwa wateja wake.

Gichunge hakumpeleka polisi, lakini kazi aliikata. Alimwambia bila chuki kwamba mtu aliyebeba mlango leo, kesho mafundi watamwona kama mfano wa kuigwa. Ebei alikubali, akachukua koti lake lililokuwa limetundikwa kwenye msumari, akaenda.

Ikra alimtafuta chumbani kwake siku chache baadaye. Alisema filamu imefika mwisho na anataka kumwonyesha. Ebei akasema haoni haja. Ila aliomba jambo moja: yule mama wa makaa atolewe, na Maryan atolewe.

“Mzee, nikiwatoa hao sina filamu. Nitabaki na utingo na barabara.”

“Basi baki na hivyo.”

Ikra aliinamisha kichwa. Aliwatoa. Filamu iliyobaki ilikuwa fupi na nyepesi. Ilionyeshwa mara moja kwenye ukumbi mdogo, watu wakacheka kidogo, wakaenda nyumbani. Ikra alirudi kwenye harusi zake. Huwa anamtumia Ebei salamu na majani ya chai, na hajasema tena kuhusu filamu nyingine.

Ebei bila kazi hakuweza kulipia chumba. Alikwenda Ngaremara kwa mtu wa ukoo wake, Lomorukai, akapewa mbuzi wa kuchunga kwa maziwa na chakula, na akaruhusiwa kujijengea kibanda nyuma ya kile kilima. Miiba ilikuwa imemea pale hadi mtu asijue kulikuwa na boma. Yeye alijua. Alikata miiba kidogo kidogo, akapumzika magoti, akakata tena.

Rita alikuja kumchukua. Alishuka barabarani na mkoba mdogo, akatembea hadi kilimani kwa viatu visivyofaa, na alipomwona baba yake alivyokonda alikaa juu ya jiwe.

“Twende Nanyuki,” alisema hatimaye. “Nina chumba. Hapa utakufa peke yako na watu wataniuliza nilikuwa wapi.”

“Utawaambia hunijui,” Ebei akasema, na papo hapo akajuta. Rita aliokota kuni akawasha moto, akapika bila kuuliza chumvi iko wapi.

Alikuwa amepanga kurudi jioni ileile, lakini mvua ilinyesha milimani na mto mkavu ulio kati yao na barabara ulijaa ghafla, maji mekundu yenye matawi. Hakuna wa kuvuka. Wakakaa mlangoni mwa kibanda wakisikiliza.

“Hapa ndipo ilipokuwa,” Ebei alisema. “Nyumba yetu. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka.”

Rita alimgeukia. “Mimi nilikuwa ndani, Baba. Wewe ndiye hukuwepo.”

Akamsimulia. Alisimulia jinsi mama yake alivyosikia mbwa, jinsi alivyompitisha ukutani penye tundu la kuku, jinsi walivyojilaza kwenye mchanga wa mto huu huu, ukiwa mkavu, na mama yake akamfunika kinywa kwa kiganja hadi kulipokucha. Kiganja kilinuka moshi. Ebei hakuwahi kuyasikia haya. Akiru alikuwa amemwambia tu kwamba walikimbia. Miaka yote aliyomwelezea habari za kabati na madirisha ya watu, hakuwahi kumuuliza.

“Alinilaani?” akauliza. “Kwa kutokuwepo?”

Rita alichochea moto.

“Usiku ule, ndiyo. Nilimsikia. Baadaye sijui.”

Ebei akatikisa kichwa polepole. Maji yalikuwa bado yakipita kwa kishindo. Kesho yake yalipopungua, alimsindikiza binti yake hadi barabarani, amembebea viatu vyake mkononi. Rita alisema atakuja shule zikifungwa, pengine na mtoto wake, akiweza. Ebei alisema sawa. Gari lilipokwisha kuondoka alisimama kidogo, kisha akarudi kuwafungulia mbuzi, kwa maana jua lilikuwa limeshapanda na walikuwa hawajanywa.